Mguse Mwandishi Bega

Jina lake la kwenye cheti lilikuwa halitumiki tena. Pale maktaba kuu, kuanzia mkuu mwenyewe hadi mlinzi wa getini, wote walimwita Mzee Gusabega, na jina hilo alijitakia kwa mdomo wake. Alikuwa fundi wa seva, zile mashine zilizopangwa chumba cha chini kabisa zikivuma mchana kutwa, na kila aliyeletwa kwake kujifunza kazi alikutana na somo lile lile kwa maneno yale yale, hata kama alikuja kuomba waya tu.

Somo lenyewe lilikuwa hivi. Kila huduma inayofanya kazi ndani ya mashine ina logi, yaani daftari lake la matukio: nani kaingia, saa ngapi, kaomba nini, kapewa au kakosa. Daftari hilo halina adabu. Ukiliacha litanenepa mpaka lijaze diski nzima, mashine ishindwe hata kupumua. Kwa hiyo kila wiki unalizungusha: la zamani unalibadilisha jina na kulisogeza rafuni, unaweka jipya tupu mezani, na lililo kuukuu kuliko yote unalifuta. Ni kazi ya kufumba na kufumbua, na Linux, mfumo unaoziendesha mashine zile, inaifanya yenyewe ukishaiandikia maagizo.

"Sasa nisikilize," angesema Gusabega, kidole juu. "Mwandishi wetu huyu haoni. Wewe umembadilishia daftari, yeye hana habari. Kalamu yake iko kwenye lile la zamani, na ataandika humo humo hata ulipeleke rafuni, hata ulifute. Kwenye orodha ya mafaili halionekani tena, lakini mkononi mwake bado lipo, na anaandika. Mpaka umguse bega. Umwambie, bwana, acha hilo, shika jipya. Ni mstari mmoja tu kwenye maagizo. Ukiusahau mstari huo, mimi na wewe hatutaelewana."

"Na ukimgusa bega wakati lile la zamani limeshafutwa?" kuna waliouliza.

"Analiachia. Likishatoka mkononi mwake, limekwenda na maji. Hata mimi silipati. Na ukizima mashine, ni hivyo hivyo."

Walimcheka pembeni, wengine walimwigiza mpaka kile kidole. Yeye alijitia hamnazo. Kwake hapakuwa na mtu wa kumsikiliza, basi acha aongee kazini mpaka koo likauke.

Maana nyumbani, ndugu zangu, palikuwa kimya. Vyumba viwili na sebule, na aliyeishi humo ni yeye peke yake. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Kwenye kabati kulikuwa na vikombe sita, na kimoja tu ndicho kilichokuwa kikioshwa. Kiti cha mkewe alikisogeza dirishani ili asikione anapokula, kisha akagundua kuwa pale dirishani anakiona zaidi, lakini hakukirudisha. Walikuwa na mtoto mmoja, binti, ambaye tangu utotoni walimwita Kidoti kwa ile alama nyeusi ya shavuni. Kidoti aliishi mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi, na yeye na baba yake walikuwa hawasemezani.

Walikosana wiki moja baada ya mazishi, pale pale sebuleni, viti vya kuazima bado vimepangwa ukutani. Kidoti alisema, bila kupandisha sauti, "Mama alilalamika kifua siku tatu. Siku tatu, baba. Wewe ulikuwa unasikiliza mashine."

Neno lile lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Wiki ile seva za maktaba zilikuwa zimegoma, alikuwa analala huko huko chini, na mkewe alipomwambia kwa simu kwamba kifua kinambana, alimjibu ameze dawa alale, kesho watakwenda hospitali. Kesho ikawa keshokutwa. Sasa mtu mzima akichomwa na la kweli hutafuta pa kupigia, na aliyekuwa karibu ni mwanawe. Akamwambia hataki kuisikia sauti yake tena, na asikanyage kwake.

Alidhani ni maneno ya hasira yatakayopoa kabla chai haijapoa. Alisahau kichwa kigumu kile mtoto kakitoa kwa nani. Kidoti alichukua mkoba wake, akatoka, akaifuata amri neno kwa neno. Hakupiga simu. Hakukanyaga. Na yeye, baba mzima mwenye simu mfukoni na namba anayoijua kwa kichwa, alikaa akisubiri mtoto avunje amri ili apate kumsamehe. Ujeuri mwingine jamani, hata kuusimulia unachosha.

Lakini palikuwa na kitu kimoja kilichobaki kati yao. Chini ya meza ya sebuleni kulikuwa na kompyuta kuukuu ambayo Gusabega aliigeuza seva miaka ile Kidoti alipokwenda kusoma mbali, akaiwekea picha zote za nyumbani ili mtoto azione akiwa huko aliko. Mkewe aliiita nyumba ya picha. Aliyekuja bila nenosiri alirudishwa mlangoni, na waliokuwa nalo sasa walikuwa wawili tu, baba na binti. Baba hakuwahi kuifungua tangu mazishi. Hakuwa na kifua cha kuutazama uso wa mkewe ukicheka. Binti aliifungua. Kila Jumapili, saa tisa alasiri ikipita dakika chache, aliingia, akaangalia picha ile ile, akatoka.

Gusabega alijuaje? Logi ilimwambia. Jumatatu asubuhi alichemsha chai, akapiga magoti mbele ya meza, akaiwasha skrini na kusoma mstari wake wa wiki: kidoti, saa tisa na dakika nne, picha ya mama akicheka, kapewa. Basi. Kwa miaka miwili hiyo ndiyo iliyokuwa barua yake. Akishaisoma alijua mwanawe yuko hai, ana simu, ana nafasi ya kukaa Jumapili akamkumbuka mama yake. Alikunywa chai yake akaenda kazini akiwa mwepesi, akamfundisha yeyote aliyemkuta habari za mwandishi na bega.

Kisha barua zikakoma.

Jumatatu ya kwanza alikuta logi ni tupu, hakuna hata herufi. Akajiambia labda mtoto kasafiri. Jumatatu ya pili, tupu. Ya tatu akaipiga skrini kofi, mtu na fani yake, kana kwamba ni redio. Ya nne hakuchemsha chai. Ilipofika ya saba alikuwa ameshakubali: Kidoti kachoka, Kidoti kamkata kabisa, na hata kwa mama yake hataki tena kupitia mlango wa baba. Usiku alilala kifudifudi ili asiuone ule upande mtupu wa kitanda. Mchana kazini aliongea kidogo kidogo, mpaka mlinzi wa getini akamuuliza, "Mzee, mbona siku hizi umezima redio?" Akamjibu betri zimekwisha.

Ilikuwa wiki ya kumi, siku ya Jumatano. Asubuhi, akitoka kwake, aliliona tangazo limebandikwa kwenye nguzo: umeme mtaani utakatwa saa nane mchana hadi jioni, mafundi wanabadilisha nyaya. Zamani angerudi ndani mbio kuizima ile mashine kwa utaratibu, maana betri yake ya akiba ilikuwa imekufa siku nyingi na kila mwezi alijiahidi kununua nyingine. Safari hii alilisoma tangazo mara mbili, akaendelea na njia. Alikuwa ameshaamua kuizima kwa heri mwisho wa mwezi. Kila alipoushika waya mkono ulimgomea. Basi umeme umsaidie, akawaza, yaishe.

Saa saba na robo mchana alikuwa kwenye chumba chake cha chini, anakula mkate kwa chai, akitazama kitundu cha juu ukutani ambako miguu ya watu hupita barabarani. Akaingia Mama Usajili. Huyu alikuwa mama wa makamo, miaka kumi na saba kwenye dawati la kuandikisha wasomaji, aliyehamishiwa chini miezi miwili iliyopita kwa sababu dawati lilifungwa. Kazi aliishika haraka kuliko vijana wote waliomtangulia, na mdomo anao.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mama. Kuna nini?"

"Kuna ajabu. Tangu juzi hakuna mtu hata mmoja aliyetafuta kitabu kwenye mashine zetu. Logi ya huduma ya kutafuta vitabu ni tupu. Sifuri."

"Haiwezekani. Huko juu watu wamejaa mpaka ngazini."

"Ndiyo nakwambia."

Gusabega akaweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kidole kilipanda chenyewe. "Mama, logi ikiwa tupu kabisa, haina maana kwamba watu hawakuja. Ina maana..."

"Ina maana mwandishi anaandika kwingine," Mama Usajili akamalizia. "Najua, mzee. Juzi niliandika maagizo mapya ya kuzungusha, nikausahau mstari wako wa bega. Nimekuja kukiri mwenyewe kabla hujanishukia."

Alikuwa amejiandaa kwa maneno. Alishaambiwa kwamba mzee huyu anaweza kukukaripia kwa kosa hilo mpaka chai ya saa kumi. Lakini hayakuja. Kidole kilikuwa bado juu, na mdomo wazi, na macho yalikuwa yanautazama ukuta.

Tupu kabisa. Sifuri. Wiki kumi.

Utajiuliza, fundi wa miaka thelathini kazini, aliyepewa hadi jina kwa ajili ya jambo hilo, atapitwaje nalo nyumbani kwake mwenyewe? Mimi nitakwambia. Alikuwa amelisubiri pigo lile miaka miwili. Aliona anastahili, na mtu akipewa anachoona anastahili hakikagui. Angekuta logi tupu ya mtu mwingine yeyote, angejua kabla hajaketi.

Sasa ilimjia yote. Wiki kumi nyuma, diski ya ile kompyuta ilikuwa inakaribia kujaa picha, akaona aipunguzie uchafu: alianza kuiandikia maagizo ya kuzungusha logi kila wiki, abakize nne tu za nyuma. Jikoni sufuria la chai likafurika. Akaenda kuliepua, akafuta jiko, akarudi, akaona maagizo yako pale yamepangika, akafunga. Mstari wa bega hakuuandika.

"Mama," alisema polepole, "faili likizungushwa wiki kumi, na unabakiza nne?"

"Limeshafutwa," akajibu Mama Usajili. "Kwenye orodha halipo. Ila kama huduma haijaguswa wala mashine haijazimwa, si ulisema mwandishi bado kalishika?" Akamtazama vizuri. "Mzee, una nini? Uso umekuwa kama majivu."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa saba na dakika ishirini na tano."

"Umeme wa kwangu unakatwa saa nane."

Mlango wa fundi wa kuingia kwenye ile mashine kutoka mbali aliufunga mwenyewe zamani, kwa usalama, akaacha ule wa kutazama picha tu, na alijisifu kwa hilo. Hakukuwa na njia ila miguu. Mama Usajili hakuelewa kila kitu, lakini alielewa ya kutosha; alimrushia koti lake na kumwambia, "Nenda, hapa nitasema umeitwa nyumbani." Ambacho hakikuwa uongo.

Siku za kawaida kutoka maktaba hadi kwake ni nusu saa ya kutembea. Alipanda zile ngazi mbili mbili, mtu wa miaka hamsini na nane mwenye magoti mabovu, akatokea barabarani roho juu, akasimamisha pikipiki ya kwanza. Hakuwahi kupanda pikipiki maishani mwake; alikuwa akiwahubiria watu juu ya hatari zake.

"Mzee, unakimbiza nini?" dereva aliuliza walipokata kona ya pili, kwa jinsi mzee alivyokuwa amemkamata kiuno.

"Daftari."

"Limeibiwa?"

"Bado."

Alifungua mlango wake saa saba na dakika arobaini na moja. Taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka chini ya meza, na feni ya mashine inavuma kama kawaida. Alipiga magoti bila kuvua koti. Alikosea nenosiri mara mbili, na mara ya tatu akalitamka kwa sauti herufi moja moja, kama mtoto anayejifunza kusoma.

Linux ina jambo moja zuri ambalo watu hawalijui. Kwa kila huduma iliyo hai, inaweka orodha ya vitu vyote ilivyovishika, na kwa kupitia orodha hiyo unaweza kuchungulia mkononi mwa mwandishi. Gusabega aliiita orodha ya nyumba ya picha. Ikaja, mistari michache, na katikati yake lile jina alilolitafuta, na mbele yake neno moja: limefutwa.

Lipo.

Hakulisoma. Kwanza alinakili yote yaliyokuwemo kwenye faili jipya, akanakili tena kwenye kijidiski cha mfukoni, akakichomoa na kukishika kwenye kiganja cha kushoto. Hapo ndipo alipofungua.

Jumapili ya kwanza ya zile wiki kumi: kidoti, saa tisa na dakika sita, picha ya mama akicheka, kapewa. Gusabega alitoa pumzi ambayo nadhani aliibana tangu mwezi uliopita. Hakuacha. Mtoto hakuacha. Ya pili, hivyo hivyo, picha ya mama. Lakini chini yake kulikuwa na mstari mwingine. Kidoti aliomba ukurasa unaoitwa baba, na mashine ikamjibu kama inavyomjibu yeyote anayeomba kisichokuwepo: haupo.

Alikunja uso. Hakukuwa na ukurasa kama huo, na Kidoti alilijua hilo. Akasoma Jumapili ya tatu.

Kidoti kaomba: baba/najua-unasoma-hizi. Haupo.

Hapo akakumbuka. Alimlea mtoto huyu chini ya meza za seva. Akiwa na miaka tisa alimwonyesha logi, akamwambia, mwanangu, mtu akiomba hata kitu kisichokuwepo, mashine inaandika alichoomba. Kidoti akacheka sana, akashinda mchana mzima akiiomba mashine ya maktaba pipi, baiskeli na mdogo wa kiume, na baba yake akayasoma yote kwenye logi jioni. Sasa alikuwa ameambiwa sauti yake haitakiwi, na asikanyage. Akapata mahali pasipohitaji sauti wala mguu.

Jumapili ya nne: baba/ulisema-hutaki-sauti-yangu-basi-naandika. Haupo.

Jumapili ya tano: baba/nilikosea-kusema-vile-siku-ile. Haupo. Na dakika mbili baadaye: baba/lakini-na-wewe-ulikosea. Haupo. Gusabega alicheka kidogo kwa pua, akajifuta uso kwa mkono wa koti.

Jumapili ya sita: baba/nimejifungua-mtoto-wa-kike. Haupo. baba/nimempa-jina-la-mama. Haupo. baba/weka-chochote-hapa-nijue-umesoma. Haupo.

Aliusoma mstari ule wa mama mara tatu. Nyumba nzima hakukuwa na mtu wa kumwambia. Aligeuka akakitazama kile kiti cha dirishani, akageukia skrini tena kwa sababu muda ulikuwa unakwenda na hakuwa amefika mwisho.

Jumapili ya saba: baba/jumamosi-saa-nne-tutakuwa-benchi-la-posta. Haupo. baba/njoo-umwone-tu-sio-lazima-tuongee. Haupo.

Benchi la posta liko ng'ambo ya barabara, mkabala na maktaba. Kidoti akiwa shule ya msingi, ndipo alipomsubiria baba yake atoke kazini, mkoba magotini, na mara nyingi alisubiri mpaka jua linazama kwa sababu huduma fulani huko chini ilikataa kuamka.

Gusabega hakutaka kusoma mistari ya Jumamosi, na aliisoma.

Saa nne na dakika tatu: baba/tumefika. Haupo.

Saa tano kasoro: baba/amelala-anafanana-na-wewe-pole-yake. Haupo.

Saa sita: baba/bado-tupo. Haupo.

Saa saba na dakika kumi na mbili: baba/analia-basi-letu-linaondoka. Haupo.

Jumamosi ile aliikumbuka vizuri, maana Jumamosi zake zote zilikuwa sawa isipokuwa hiyo. Nyumba ilikuwa imemzidi kwa ukimya, akaamua kwenda kazini bila kuitwa, kupuliza vumbi kwenye feni za seva. Aliingilia mlango wa nyuma. Alikaa chini ya kile kitundu kuanzia saa tatu hadi saa tisa, akitazama miguu ya watu ikipita. Huenda viatu vya mwanawe vilipita. Asingevijua. Alikuwa hatua mia mbili kutoka kwa mjukuu wake, anafuta vumbi.

Alijilaza chini sakafuni, kichwa kwenye mguu wa meza, akalia bila kujizuia wala kujifunika. Alimlilia yule mgane aliyejiona ametupwa wiki kumi bila sababu, na zaidi ya hapo alimlilia binti aliyemsubiri kwenye benchi.

Jumapili ya nane hapakuwa na mstari. Ya tisa, hapakuwa na mstari. Ya kumi, yaani hii iliyopita, ulikuwepo mmoja, wa mwisho kwenye faili: kidoti, saa tisa na dakika nne, picha ya mama akicheka, kapewa. Hakuandika chochote cha baba. Lakini alikuja.

Saa saba na dakika hamsini na nne. Gusabega alikaa kitako, akavuta kibodi. Weka chochote hapa nijue umesoma. Alijua la kufanya: atengeneze ule ukurasa, auite baba, aandike ndani yake nimesoma, nisamehe, kisha ayarekebishe yale maagizo ya logi, auongeze mstari wake, amguse mwandishi bega, halafu umeme ukirudi jioni kila kitu kiwe kinamsubiri Kidoti Jumapili saa tisa. Angeusoma. Pengine angejibu. Jumatatu asubuhi na yeye angesoma jibu. Alikuwa ameshaandika neno nimesoma, na kidole kiko juu ya kitufe.

Kidole kikakaa pale pale.

Jumapili ilikuwa siku nne mbele. Na hata hizo siku nne zikiisha, angekuwa tena amepiga magoti chini ya meza, anasikiliza mashine.

Akaiacha kibodi, akatoa simu. Ile namba hakuitafuta, vidole viliijua. Ikaita. Ikaita tena. Alikuwa akiomba moyoni ipokewe, na papo hapo akiogopa ikipokewa aseme nini.

Ikapokewa. Hakuna aliyesema halo.

"Kidoti?"

Kimya. Lakini palikuwa na mtu, alisikia pumzi. Akaelewa, na ilimuuma kuliko mistari yote: mtoto alikuwa bado anatii. Baba alisema hataki kuisikia sauti yake, na amri hiyo hakuna aliyeifuta.

"Mwanangu," akasema, kisha akaanza upya. "Mwanangu, nilikosea. Ile siku, na siku zile tatu za mama yako. Sema chochote. Nataka kuisikia sauti yako."

Ilikuwa saa nane. Umeme ulikatika. Taa ya kijani chini ya meza ikazima, na ile feni iliyovuma sebuleni miaka yote ikapunguza mwendo, ikakwaruza, ikasimama. Nyumba ikawa kimya kabisa kuliko alivyowahi kuisikia, na kwenye simu, kwa mbali, akamsikia mtoto mchanga analalamika kitandani.

Kidoti alivuta pumzi.

"Tulikusubiri, baba," akasema.

"Najua," akajibu. "Mpaka saa saba na dakika kumi na mbili."